Wapeni karatasi kabla hawajapanda basi

Kwa Mkuu wa Mkoa wa Kagera,
Bukoba.

YAH: VIJANA WETU WANAOHAMIA GUANGZHOU

Mheshimiwa,

Siku hizi kijana wa Bukoba au Muleba akikwambia anakwenda China, mara nyingi ana maana ya Guangzhou. Wapo wanaokwenda kusoma, na wapo wafanyabiashara wa Kariakoo waliozaliwa Kamachumu wanaofuata viatu na vipuri. Wapo pia wasiojua hasa wanakwenda kufanya nini, ila wameambiwa kazi ipo. Nilisoma na kuishi mji ule kabla ya kurudi nyumbani, ndiyo maana wazazi hunijia na makaratasi wakiomba niyasome.

Sikuandikii ili wazuiwe. Watu wa Kagera hawakuanza jana kutafuta maisha mbali na migomba yao. Lakini aliyekwenda Kampala au Dar es Salaam alimkuta mtu wa kwao na lugha anayoielewa. Guangzhou ina watu zaidi ya milioni 18, wakati mkoa wetu mzima, kwa sensa ya 2022, haukufika milioni 3. Ukitoka nje ya Xiaobei na Sanyuanli, mitaa ambako Waafrika wamezoeleka, unaweza kushinda kutwa bila kusikia neno unalolijua.

Mengi ya mji ule mtu hujifunza mwenyewe. Treni za chini ya ardhi hazimpotezi mtu zaidi ya siku chache. Usiku wa manane msichana anatembea na simu mkononi bila kugeuka nyuma, jambo ambalo hapa kwetu, tusidanganyane, hatujalifikia. Mvua haitutishi sisi wa Bukoba, ingawa mwezi wa tatu kule ni balaa la aina yake: kuta zinatoka jasho, vigae vinateleza, na viatu vya ngozi vinaota ukungu ndani ya kabati. Muuza mboga ametundika kibao cha kuskani shingoni, na usipokuwa na WeChat au Alipay utabaki umeshika noti yako huku foleni inakusukuma. WhatsApp nayo imefungwa. Ndiyo sababu mzazi wa Muleba anaweza kukaa wiki nzima bila kumsikia mwanawe, akaanza kuwaza mabaya.

Hayo yanazoeleka. Sheria ndiyo haisubiri mtu azoee.

Sheria ya China ya kuingia na kutoka, iliyoanza kutumika Julai 2013, inamtaka mgeni asiyelala hotelini aandikishwe polisi ndani ya saa 24 tangu afike anapokaa. Akiwa na miaka 16 au zaidi, atembee na pasipoti yake. Akipitisha muda wa viza anaweza kutozwa yuan 500 kwa kila siku, hadi yuan 10,000, au kuwekwa ndani siku 5 hadi 15. Anayefanya kazi bila kibali anatozwa yuan 5,000 hadi 20,000. Mwanafunzi naye haruhusiwi kufanya kibarua mpaka chuo na polisi wa uhamiaji wakubali. Sasa fikiria kijana amekaribishwa na rafiki, amelala siku tatu kwa uchovu wa safari, hajui hata kituo cha polisi cha mtaa kiko wapi. Ameshavunja sheria kabla hajafungua begi.

Mama mmoja wa Nshamba aliniletea karatasi za binti yake. Wakala alishachukua pesa, na sehemu yake ilitoka kwenye kipande cha kibanja kilichouzwa. Barua ya mwaliko ilikuwa ya kampuni ya vitambaa, viza iliyoombwa ni ya M, yaani ya biashara, na mdomoni binti aliahidiwa kufundisha Kiingereza chekechea. Vitu vitatu visivyokaa chungu kimoja. Kazi hutaka viza ya Z, tena vibali vya kufundisha Kiingereza kwa kawaida hupewa raia wa nchi ambako Kiingereza ni lugha ya mama. Nilipomweleza, yule mama aliuliza, "Kwa hiyo angefika angefanya nini?" Sikuwa na jibu la kumpa mzazi. Wewe na mimi tunajua habari za mabinti wanaofika wakanyang'anywa pasipoti na kuambiwa wana deni. Kwa lugha ya sheria yetu ya mwaka 2008 huo ni usafirishaji haramu wa binadamu, na mara nyingi unaanzia sebuleni, kwa chai.

Kuna pia begi la "nifikishie tu", ambalo mbebaji hajui kama ndani kuna dawa za kulevya. Sheria ya jinai ya China inasema gramu 50 za heroini zatosha kumpa mtu miaka 15, kifungo cha maisha au kifo. Kuanzia 2013 Watanzania waliofungwa Hong Kong waliandika barua kupitia kwa padri wa magereza, John Wotherspoon, wakiwasihi wenzao wasibebe dawa hizo. Barua zile zilisomwa sana Dar es Salaam. Sijawahi kusikia zikisomwa kwenye mkutano wa kijiji Muleba.

Na wajue pia kwamba ukiwa na karatasi safi bado unaweza kuonewa. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi wa Guangzhou walitolewa kwenye nyumba walizolipia kodi, wakalala barabarani, mpaka mabalozi wa Afrika walioko Beijing wakaandika barua ya pamoja kulalamika. Wakati ule tulitegemea ubalozi wetu wa Beijing, umbali wa saa 8 kwa treni ya kasi. Leo tuna Konseli Kuu palepale Guangzhou, na Air Tanzania inatoka Dar es Salaam moja kwa moja. Lakini waulize vijana walioko stendi ya Bukoba kama wanajua namba ya simu ya Konseli.

Ombi langu halihitaji bajeti kubwa. Anayeomba pasipoti Bukoba anaulizwa cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA na uthibitisho wa safari. Maana yake afisa anajua, mbele ya kaunta, nani anakwenda China na kwa sababu gani. Hapohapo apewe karatasi moja ya Kiswahili chepesi: aina za viza na kazi ya kila moja, zile saa 24 za kujiandikisha polisi, adhabu, namba za Konseli na polisi. Barua ya mwaliko isiyolingana na maelezo ya mwombaji iulizwe maswali palepale, na wakala aliyeiandaa ajulikane.

Jambo la pili ni Disemba. Ndugu zetu hurudi kula Krismasi, wakiwemo wa Guangzhou, na ujuzi wote huo hukaa vijijini mpaka Januari bila mtu kuutumia. Wakuu wa Wilaya za Bukoba na Muleba waitishe kikao cha nusu siku, waliokaa kule wazungumze, wazazi waulize. Wasialikwe waliofanikiwa peke yao. Aliyerudishwa kwa kupitisha viza ana mengi zaidi ya kusema, akihakikishiwa kwamba hatachekwa.

Rasimu ya hiyo karatasi nimeshaiandika. Nitaifikisha kwenye masjala ya ofisi yako Jumatatu, pamoja na namba yangu ya simu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Kashai, mzaliwa wa Kamachumu