*TAARIFA YA KATIBU WA TAWI: KODI ISIYOMWONA MWANAFUNZI*



Mwenzetu ameuliza humu: "Mtoto ni wako, mshahara ni wako, serikali inahusikaje?" Namjibu kwa hesabu.

Chukua watumishi wawili wa umma hapa Kipili, kila mmoja analipwa 700,000 kwa mwezi. Wa kwanza hana mtoto. Wa pili ana mmoja chuoni Mbeya na mwingine kidato cha tano, bweni, Sumbawanga. Toa 5% ya pensheni, yaani 35,000. Zinabaki 665,000 za kutozwa kodi, na kodi yake ni 49,000. *Kila mmoja analipa 588,000 kwa mwaka, sawasawa.* Kodi ya mshahara inaacha 270,000 za kwanza za mwezi, baada ya hapo haiulizi unasomesha nani.

Lakini serikali hiyohiyo inajua kuuliza. Mtoto akiomba mkopo wa elimu ya juu, Bodi ya Mikopo inataka habari za mzazi na uwezo wake. Mshahara wako unaweza kumpunguzia mkopo au kumnyima kabisa. *Siku ya mkopo mtoto ni wako, siku ya kodi huna mtoto!*

Tena kampuni ikichangia Mfuko wa Elimu ulioundwa kwa sheria ya 2001, mchango huo unatolewa kwenye mapato yake kabla ya kodi. Mzazi anayelipa ada ya chuo hapati kitu. Nani kati yao anasomesha kwa jasho?

Wapo wanaosema hili ni la walimu na manesi, wavuvi haliwahusu. Sitawadanganya: mvuvi hana makato ya mshahara, hatapata nafuu hii moja kwa moja. Lakini ziwa lilipofungwa 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, nyumba ngapi zilimpigia simu ndugu mwenye mshahara kuomba ada na nauli? Kwetu mwalimu mmoja husomesha watoto wa kaka zake. Ndiyo maana nataka sheria imtambue na mlezi, si aliyezaa tu.

Wengine wanaogopa wanafunzi hewa. Cheti cha RITA kina namba, mwanafunzi ana namba ya usajili, mlipakodi ana TIN. Mwanafunzi mmoja aandikwe kwenye TIN moja, basi. Marekani humtambua mwanafunzi wa muda wote aliye chini ya miaka 24 kuwa tegemezi wa mzazi. Sisi tunashindwa nini?

*Ninachopendekeza:*
1. Kwa kila mwanafunzi wa kidato cha tano hadi chuo, 50,000 za mshahara wa mwezi zisitozwe kodi.
2. Wasizidi wawili kwa mlipakodi mmoja.
3. Mlezi aliyethibitishwa na serikali ya kijiji ahesabiwe kama mzazi.

Yule mtumishi wa pili angebaki na 20,000 zaidi kila mwezi, 240,000 kwa mwaka. Si utajiri. Ni madaftari, shuka na nauli ya kurudi chuo.

Bajeti husomwa Juni. Hoja isipopanda kata na kufika wilayani Namanyere mapema, tutabaki kulalamika kijiweni. Nitaiwasilisha kikao kijacho cha tawi. Wenye salari slipu njooni nazo. Asiyekubaliana nami aje na hesabu yake, kejeli aziache nyumbani.

Katibu wa Tawi,
Kipili