Kasi ya Boti na Haki ya Njia

Uislamu ni mwongozo wa maisha yote, wala haukomei mlangoni pa msikiti. Basi msomaji asistaajabu akituona tunazungumzia ziwa la mbali wanakoburudika watu wengine. Mzozo uliotokea huko una mafunzo kwetu sote.

Windermere ni ziwa la asili lililo kubwa kuliko yote nchini England. Urefu wake ni kilomita 17 hivi, nalo limo katika hifadhi ya taifa ya Lake District iliyoanzishwa mwaka 1951. Kwa miaka mingi wenye boti za injini walikwenda huko kushindana mbio na kuwakokota watu wanaoteleza juu ya maji. Maziwa ya jirani ya Ullswater, Derwentwater na Coniston yalikwisha wekewa mpaka wa kasi. Windermere likabaki kimbilio lao. Wasimamizi wa hifadhi wakataka nalo liwekewe mpaka. Baada ya uchunguzi wa hadhara na mabishano marefu, serikali iliidhinisha jambo hilo mwaka 2000, na tangu Machi 29, 2005 boti hairuhusiwi kuzidi maili 10 za baharini kwa saa, yaani kilomita 18.5 hivi.

Uadilifu unatudai tutaje hoja za waliopinga, kwani hazikuwa za kipuuzi. Walisema kwamba kupita katika maji hayo ni haki ya umma tangu zamani. Kwamba wako waliopata riziki kwa biashara ya boti hizo. Na kwamba ziwa lingeweza kugawanywa, wapenda kasi wakapewa sehemu yao. Wenzao walitaja hatari kwa waogeleaji na wapiga makasia, na kelele zinazoharibu utulivu wa mahali pale.

Sisi twaona kwamba hukumu ilikuwa ya haki. Mtukufu Mtume s.a.w. aliwaonya masahaba wasiketi njiani. Walipoeleza kwamba hawana budi, aliwaamuru waipe njia haki yake, na katika haki hizo alitaja kuzuia maudhi. Ziwa la umma nalo ni njia. Mpiga makasia hamnyimi mwenye injini ila upana wa mtumbwi wake. Lakini aendaye mbio hulitwaa ziwa zima kwa mawimbi, kelele na hofu. Haki inayowafukuza wengine imekwisha kuwa dhuluma.

Wala mtu asijidanganye kwamba ustadi unatosha. Sir Henry Segrave alifariki katika Windermere hiyo hiyo Juni 13, 1930, siku aliyovunja rekodi ya dunia ya kasi majini, na fundi mmoja akafa pamoja naye. Donald Campbell alifia Coniston Januari 4, 1967 akitafuta rekodi kama hiyo. Hao walikuwa mabingwa, na hatari waliijua. Mtoto anayeogelea hakuichagua.

Lipo jambo jingine la kupendeza. Sheria haikuanza siku ilipoidhinishwa. Wenye biashara walipewa karibu miaka mitano wajipange. Nasi twajua kwamba Mwenyezi Mungu aliharimisha ulevi kwa hatua, si kwa siku moja. Mwenye kuondoa madhara asilete madhara mengine kwa pupa.

Hata hivyo sheria ya kasi haikumaliza kazi. Katika miaka ya karibuni kilio kikubwa cha Windermere kimekuwa uchafu wa majitaka na mwani unaotanda juu ya maji. Waliodai utulivu jana wanadaiwa usafi leo, kwa kuwa ziwa ni amana, na amana hailindwi kwa upande mmoja tu.

Na sisi je? Wengi wetu hatuna boti za anasa, lakini tuna magari na pikipiki. Mara ngapi dereva hupunguza mwendo amwonapo askari, akampita, kisha akakanyaga mafuta mbele ya shule? Huyo amemwogopa askari, hakumwogopa Mola wake. Katika safari ya Hija, watu walipokuwa wakihimiza ngamia wao kwa fujo, Mtume s.a.w. aliwaamuru watulie na akawafahamisha kwamba wema haupatikani kwa kukimbiza. Ikiwa hata katika ibada haraka haina wema, itakuwaje katika mchezo?

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe watu ambao jirani husalimika nao, nchi kavu na majini. Amin.