Pesa za Mama, Nyumba ya Mwana



Juma hili nimeletewa suali na mama mmoja mjane wa hapa Mombasa. Mwanawe akaaye Leicester, Uingereza, amemtaka auze kiwanja chake cha Kilifi ili wachangiane kununua nyumba ya pauni 300,000. Hati, asema mwana, iandikwe jina lake peke yake ili kodi isiwe kubwa. Mama huyu ana mabinti wawili pia. Je, yafaa?

Dada yangu, tuanze na kodi yenyewe. Kwa viwango vya England vilivyoanza Aprili 2025, mkaazi wa huko ambaye hajapata kumiliki nyumba popote duniani, akinunua nyumba ya bei hiyo ili aishi mwenyewe, halipi ushuru wa ununuzi. Lakini kama aligaiwa fungu la nyumba ya marehemu babake, hata liwe dogo, msamaha huo humpita.

Mkinunua kwa ushirika, hesabu hugeuka. Wewe huishi Uingereza, na nyumba yako ya Mombasa, ikiwa thamani yake yafika pauni 40,000, nayo huhesabiwa. Basi juu ya ushuru wa kawaida wa pauni 5,000, bei yote huongezewa asilimia 5 ya nyumba ya ziada na asilimia 2 ya mnunuzi akaaye nje. Jumla ni pauni 26,000. Tena siku ya kuuza, wewe utapaswa kutoa taarifa kwa watoza kodi ndani ya siku 60, hata kama hukupata faida.

Kwa hivyo mwanao hakukosea hesabu. Lililobaki ni kujua pesa zako zaingia kwa nia gani.

Zikiwa ni ushirika wa siri, jina lake na mali yenu nyote, hilo halifai. Sheria ya huko humtazama mwenye mali hasa, si jina la hati tu, na kuficha ni udanganyifu. Nawe ukifariki, nani atawathibitishia mabinti haki yao?

Zikiwa ni hiba, nyumba ni yake, wala haimo katika mirathi yako. Lakini kumbuka kwamba Mtume (s.a.w.) alikataa kushuhudia hiba aliyopewa mtoto mmoja bila ya wenziwe. Ukimpa yeye, wape na mabinti.

Zikiwa ni mkopo mwema usio na ziada, nyumba ni yake na deni ni lako. Wewe si mnunuzi. Deni hilo likisalia baada yako, ni mali ya warithi wote, mabinti wakiwamo. Njia hii ndiyo niipendayo kwako.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, yatuamrisha kuandika deni. Basi andikeni kiasi, muda na mashahidi, mabinti wakijua, kabla kiwanja hakijauzwa. Mwanao naye amwendee wakili wa huko na kumweleza ukweli wote. Kumwandikisha mwana deni si kumtilia shaka. Ni kuwahifadhi ndugu wasije wakagombana juu ya kaburi lako.

Mwenyezi Mungu azibariki mali zetu na azipatanishe nyoyo za watoto wetu. Wallahu a'lam.