Si Kila Kifundo Kilichovimba Kimeteguka

Imekwisha kuwa desturi katika kambi na vituo vya Arua na Koboko kwamba askari akionekana anachechemea asubuhi, jibu hutolewa kabla ya swali: ameteguka. Naye mwenyewe, kwa kuwa hataki kuitwa mvivu mbele ya wenzake, hukubali upesi, hukaza kamba za buti na kuingia katika mstari. Ifikapo jioni hutafutwa mtu mwenye mikono ya nguvu na sufuria ya maji ya moto, na mguu hukandwa mpaka mwenye mguu akatokwa na machozi. Sisi twaona kwamba desturi hii haina budi kuachwa. Hatusemi hivyo kwa huruma peke yake. Doria iliyotoka Koboko kwenda mpakani ikarudi nusu njia kwa sababu mmoja wao amebebwa, hiyo ni doria iliyoshindwa ingawa adui hakutokea.

Tukubali kwanza lililo kweli. Kuteguka ndiko kunakotokea mara nyingi kuliko sababu nyingine. Barabara kuu itokayo Vurra, ikapita Arua na Koboko hadi Oraba, kilomita 92, sasa ni ya lami, lakini askari wa doria haendi juu ya lami. Huenda juu ya mawe ya Mlima Liru, au juu ya majani yaliyoficha mashimo kando ya mto Kaya, tena usiku, tena akiwa na mzigo mgongoni. Mguu hupinduka kwa ndani, kano za upande wa nje huvutika au hukatika, uvimbe hutokea kwa saa chache, na baadaye ngozi hubadilika rangi kwa damu iliyovia. Aliyepatwa na jambo hilo hukumbuka mahali na saa. Kwa hiyo swali la kwanza na liwe: ulianguka wapi? Akikosa jibu, tusimbunie shimo ambalo hakulikanyaga.

Na hata huyo aliyeanguka kweli asipelekwe kwa mkandaji. Katika siku mbili tatu za mwanzo, maji ya moto na kusugua huzidisha damu mahali ambapo tayari imemwagika. Linalofaa ni kupumzika, kitambaa cha maji baridi, bendeji isiyobana mno, na mguu kuinuliwa juu ya mto wakati wa kulala. Tena kuna njia nyepesi ya kumtambua anayehitaji picha ya mifupa. Mwaka 1992 Daktari Ian Stiell na wenzake wa Ottawa, nchini Kanada, walitangaza kanuni ambayo hata koplo aweza kuikariri. Bonyeza kwa kidole ncha na ukingo wa nyuma wa ile mifupa miwili iliyotokeza pande zote mbili za kifundo. Kisha mwambie mgonjwa atembee hatua nne. Akilia unapobonyeza mfupa, au akishindwa na hatua nne, apelekwe hospitali apigwe picha. Kanuni hii haihitaji umeme wala digrii. Twashangaa kwamba haijabandikwa ukutani katika kila chumba cha walinzi.

Sasa tuje kwa yule ambaye hakuanguka.

Kifundo kikivimba bila ajali, kikawa chekundu na cha moto, na mwili ukapata homa, hapo hakuna tena habari ya kuteguka. Mara nyingi mlango ulikuwa mdogo mno: lengelenge la buti mpya, au ngozi iliyopasuka kati ya vidole kwa fangasi ya soksi zisizokauka. Vijidudu huingia, wekundu hupanda kuelekea muundi, na tezi za kinena huvimba. Likiwa limeishia katika ngozi, dawa za kawaida za kuua vijidudu huliponya. Likiingia ndani ya kiungo chenyewe, kikajaa usaha na mgonjwa asiweze kukisogeza hata kidogo, basi siku chache zatosha kuula ute mgumu ulio juu ya mifupa, na askari huyo hatakimbia tena maisha yake yote. Huyu hangojei Jumatatu. Apelekwe usiku huo huo katika Hospitali ya Rufaa ya Arua.

Liko jambo jingine ambalo askari hawapendi kulizungumza, na kwa sababu hiyo twalizungumza. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, madaktari wa Ufaransa na wa Ujerumani, kila upande bila kuwasiliana na mwenzake, waliandika habari za wanajeshi walioharisha damu na baadaye wakavimba viungo, macho yakawawasha na mkojo ukawauma. Maradhi hayo yapo hata leo. Huja wiki moja hadi nne baada ya kuhara, ama baada ya ugonjwa wa zinaa, nayo hupenda magoti na vifundo. Kisonono nacho chaweza kusafiri katika damu kikakaa katika kifundo. Askari aliyekuwa na maumivu ya mkojo mwezi uliopita, akanunua vidonge dukani kwa siri, leo anamwambia tabibu kwamba aliteleza bafuni. Tabibu atampa bendeji. Mficha maradhi, kilio humwumbua.

Wakubwa nao wana lao. Ugonjwa wa jongo huwapata zaidi wanaume waliokwisha vuka ujana, waliopanda cheo na kitambi kikapanda nao. Asidi ya mkojo hujikusanya katika damu, ikawa chembe kama za chumvi ndani ya kiungo, na usiku wa manane mtu huamka akidhani amechomwa na kaa la moto. Kidole gumba cha mguu ndicho kizoeleacho kuanza, lakini kifundo hakisalimiki. Bia na kwete, nyama nyekundu na matumbo, ndivyo vinavyouchochea. Hatumtaji mtu.

Katika Nile Magharibi lazima pia tukumbuke matende, yaletwayo na minyoo inayoenezwa na mbu. Lakini hapa nako jina lisitangulie uchunguzi. Mwaka 2015, katika wilaya ya Kamwenge, watu wengi walionekana wamevimba miguu, na wa kwanza kudhaniwa alikuwa mbu. Uchunguzi ulionyesha kwamba chanzo kilikuwa udongo: watu wamelima miaka mingi bila viatu katika ardhi iliyotokana na volkano, na chembe zake zikapenya nyayo zao. Uvimbe ulifanana, lakini kinga haikufanana kabisa, kwa maana chandarua hakimzuii udongo.

Walio mpakani wajue jambo moja zaidi. Uganda ilithibitishwa mwaka 2009 kuwa imekwisha kuondokana na mnyoo wa Guinea, lakini Sudan Kusini bado iliripoti wagonjwa mwaka 2023. Lengelenge linalowaka moto karibu na kifundo cha mtu aliyekunywa maji ya madimbwi upande ule litolewe taarifa mara moja, na mwenye nalo asiuingize mguu wake kisimani. Kadhalika aliyevimba ghafula usiku wa doria, pakiwa na alama za meno, ni wa nyoka mpaka ithibitike vinginevyo. Asichanjwe, asifungwe kamba, atulizwe na kubebwa.

Askari wa polisi aliyesimama kizuizini kutwa nzima huvimba miguu yote miwili, na mara nyingi usingizi wa usiku mmoja humrudisha. Usipomrudisha, moyo, figo au ini vipimwe. Askari wa kike mwenye mimba akivimba na kuumwa kichwa, apimwe shinikizo la damu siku hiyo hiyo. Uvimbe wa mguu mmoja unaopanda hadi shavu la mguu baada ya safari ndefu ya gari, kama ile ya Kampala ya kilomita karibu 500, waweza kuwa damu iliyoganda katika mshipa, na bonge hilo likikatika huenda mapafuni. Huyo naye ukimkanda waweza kumwua.

Tunajua watakavyosema baadhi ya makamanda: mkifungua mlango huu, wategaji wa kazi watapita humo. Watapita, ndiyo, lakini si wengi, na kuwatambua ni rahisi kwa kuwa kifundo hakiwezi kuagizwa kivimbe. Uvimbe huonekana, joto huhisiwa kwa mgongo wa mkono, homa hupimwa. Anayepotea kweli ni yule mwaminifu aliyenyamaza wiki mbili kwa kuogopa kuchekwa.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba daftari la wagonjwa la kila kikosi na kila kituo lisiandikwe tena "mguu" na kuishia hapo. Liandikwe siku uvimbe ulipoanza, kama palikuwa na ajali, kama ni mguu mmoja au yote miwili, kiasi cha homa, na kama mgonjwa aliharisha au alitibiwa ugonjwa wowote mwezi uliotangulia. Swali hilo la mwisho liulizwe faraghani, na mwuuguzi, si na sajini mbele ya gwaride.