Alama za Mwalimu ni Amana: Nasaha kwa Wazazi wa Meru na Embu

Kila mwezi wa Novemba, kahawa inapoiva katika mitelemko ya Imenti na Runyenjes na mvua za vuli zinapoharibu njia, vijana wetu wa Kidato cha Nne huketi kufanya KCSE, mtihani ambao tangu mwaka wa 1989 umekuwa ndio hakimu wa miaka minne ya masomo. Kwani alama alizozipata mwanafunzi muhula baada ya muhula, na ripoti zote alizozileta nyumbani zikatiwa sahihi na mzazi wake, hazihesabiwi katika gredi iandikwayo kwenye cheti chake. Apataye C+ amefunguliwa mlango wa chuo kikuu. Na aliyeanguka chini ya D+, ajapokuwa hodari wa kazi na mwema wa tabia, hata usajili wa polisi humpita, akarudi kuchuma miraa Igembe au muguka Mbeere kwa ujira wa siku.

Wala sisemi kwamba mtihani wa taifa ni dhuluma. Mwaka wa 2015 gredi za A zilipita 2,600 katika nchi nzima. Mwaka uliofuata, karatasi zilipofungiwa ndani ya makontena na ulinzi ukakazwa, zikawa 141 tu. Wako waliolalamika kwamba usahihishaji ulikuwa wa haraka mno, walakini hakuna mwenye insafu awezaye kukana kwamba wizi ulikuwa umeenea, na kwamba wazazi ndio waliokuwa wakiulipia.

Hata katika KCSE yenyewe pana mahali ambapo kazi ya muda mrefu huhesabiwa. Mtahiniwa wa somo la Kilimo hupewa kishamba shuleni, akakipalilia mwenyewe, akaandika siku aliyopanda na mbolea aliyotia, na mwalimu akapita na daftari lake kutoka hatua hadi hatua, akimpa alama kwa kile alichokiona kwa macho yake. Ni njia ya haki kabisa. Mkulima wa kahawa hupimiwa matunda yake kila apelekapo kiwandani, na karani wa mizani huandika kilo zake kila mara, wala hahukumiwi kwa kikapu cha mwisho peke yake; ila karani akiwa mwongo, daftari zima ni batili.

Hapo ndipo penye neno langu. Mfumo wa 8-4-4, ambao KCSE ndiyo mtihani wake wa mwisho, unaondoka na kuuachia mfumo mpya nafasi, na KCSE yake ya mwisho inatarajiwa mwaka wa 2027. Watoto wa Gredi ya 9 waliofanya mtihani wa kwanza wa gredi hiyo mwishoni mwa mwaka wa 2025 walihesabiwa kwa njia nyingine: asilimia 60 ilitoka katika mtihani wenyewe, 20 katika mtihani wa Gredi ya 6, na 20 katika kazi walizopimwa shuleni na walimu wao katika Gredi ya 7 na ya 8. Sehemu hii ya mwisho ndiyo tuliyoililia miaka mingi, sisi tulioona mtoto mwenye bidii akiugua malaria wiki ya mtihani na jitihada yake yote ikapotea. Sasa tumepewa, nayo ni amana.

Lakini tayari wako wazazi wanaomwendea mwalimu jioni na mkungu wa ndizi, wakimwomba "amsaidie kijana kidogo". Mzee, ujue kwamba alama unayomwongezea mwanao unampunguzia mtoto wa jirani nafasi ya shule ya upili, na aghalabu ni mtoto wa mjane asiye na ndizi za kupeleka. Tena serikali ikiona alama za shule zote zimepanda pamoja, pasipo ithibati ya kazi, itaziondoa, na tutarudishwa kwenye wiki zile tatu za Novemba.

Basi bodi za shule ziagize kila kazi iliyopimwa ihifadhiwe na kuonyeshwa wazazi wote mwisho wa muhula. Walimu wa shule mbili zilizo jirani wabadilishane kazi za wanafunzi wao, kila mmoja aikague hukumu ya mwenziwe. Na mwalimu aombwaye kuongeza alama amwambie mwombaji alilete ombi lake mbele ya bodi, mchana, na wazazi wengine wakisikia.