Sabuni ya Misima na Uji wa Watoto

Mtoto aliyeondoka nyumbani alfajiri bila kutia kitu tumboni, akatembea kwa miguu mpaka shuleni, hawezi kutazamiwa kwamba saa sita mchana atakuwa bado anaifuata hesabu ya sehemu ubaoni. Walimu wanaosoma safu hii hawahitaji kuelezwa jambo hilo. Wanaliona kila siku katika macho ya watoto waliokaa madawati ya nyuma. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za msingi na za sekondari hadi kidato cha nne, na hiyo ni hatua ambayo haipingiki. Lakini uji wa asubuhi na chakula cha mchana katika shule za kutwa vimebaki kuwa mzigo wa wazazi, kwa makubaliano ya mikutano ya kijiji. Mwaka wa mvua njema makubaliano hayo hutimizwa. Mwaka wa ukame, debe la mahindi linaloombwa na shule ndilo hilo hilo linalotazamwa na midomo saba nyumbani.

Wilaya ya Handeni inaufahamu ukame kuliko sehemu nyingi za Mkoa wa Tanga. Kwa hiyo tunapoichukua Kata ya Misima kuwa mfano wetu leo, hatuna nia ya kuinyoshea kidole, wala hatudai kwamba matatizo yake ni ya peke yake. Tunaitaja kwa sababu kila mtumishi aliyepata kufanya kazi Handeni au Korogwe anaijua hali tunayoizungumza, na kwa sababu shauri tunalotaka kulitoa linahitaji mahali halisi pa kulipimia.

Shauri lenyewe ni la sabuni. Katika sehemu nyingi za nchi yetu vikundi vya akina mama, vya waumini na vya shule vimejaribu kutafuta fedha za jambo jema kwa kutengeneza sabuni kwa mikono na kuiuza. Fikra hiyo ni njema. Hata hivyo hatuna budi kusema wazi kwamba mara nyingi huanza kwa semina na kumalizikia kwenye semina. Huja mwalimu kutoka mjini, hukoroga ndoo moja mbele ya watu, picha hupigwa, na baada ya miezi miwili ndoo ile inatumika kuchotea maji.

Wasomaji wetu wa makamo hawajasahau miaka ya mwanzo ya 1980. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na kwa uhaba wa fedha za kigeni, sabuni iliadimika mpaka watu wakapanga foleni ya mche mmoja tangu usiku, na wengi walifua nguo kwa majani ya mpapai. Waliotoka katika shida hiyo walijifunza jambo ambalo vijana wa leo, wanaoikuta sabuni katika kila kibanda, hawalifikirii: kwamba sabuni si muujiza wa kiwanda. Ni mafuta, maji na magadi makali yanayoitwa kostiki soda. Mfaransa Michel Chevreul aliyeeleza kisayansi kinachotokea ndani ya chungu cha sabuni alifanya kazi hiyo mwanzoni mwa karne ya 19, na wakati huo watu wa Nablus na Aleppo walikuwa wamekwisha kuipika kwa mamia ya miaka.

Lakini kuwa rahisi si sawa na kuwa kazi ya kubahatisha, na hapa tunaomba walimu wa sayansi watusikilize. Kila aina ya mafuta ina kiasi chake cha kostiki. Kilo 10 za mafuta ya nazi huhitaji kiasi cha kilo 1 na gramu 740 za kostiki, ukiacha mafuta machache yabaki ili sabuni isikaukishe ngozi. Kilo 10 za mafuta ya alizeti huhitaji karibu kilo 1 na gramu 280 tu. Mtu anayebadilisha mafuta kwa kufuata bei ya sokoni bila kubadilisha kipimo cha kostiki anaacha ndani ya sabuni karibu gramu 400 za kitu kinachounguza. Akina mama wanaoambiwa “tia vikombe viwili” wanadanganywa. Mzani mdogo wa dijiti ni wa lazima kuliko ukungu wa kupendeza na karatasi ya kufungia.

Yapo mambo mengine ya namna hiyo. Kostiki hutiwa ndani ya maji, wala maji hayatiwi juu ya kostiki, kwa maana huchemka ghafula na kuruka usoni. Sufuria ya alumini haifai kabisa, kwa kuwa kostiki huila na kutoa gesi inayoweza kuwaka. Tumia ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha chuma kisichoshika kutu. Glavu na miwani ya kukinga macho si mapambo. Na sabuni iliyokwisha kukatwa vipande huachwa ikauke kwa wiki nne hadi sita kabla ya kuuzwa, muda ambao ndio unaowashinda wenye haraka ya fedha.

Kwa sababu hizo tunapinga kabisa wanafunzi kushikishwa kostiki kwa kisingizio cha Elimu ya Kujitegemea. Sera ile ya mwaka 1967 ilitaka mtoto ajifunze kazi na kuiheshimu. Haikusema kwamba mtoto wa darasa la tano asimame mbele ya ndoo inayochemka ili walimu wake wapate unga. Watoto wanaweza kupima vipande vilivyokauka, kuvifunga, kuandika daftari la mauzo na kupiga hesabu ya faida, na hilo ni somo tosha. Kukoroga ni kazi ya watu wazima waliofundishwa.

Ni mafuta gani yatumike? Handeni haina minazi ya kutosha, lakini Pangani na Muheza haziko mbali, na mafuta ya nazi yana sifa moja ambayo watu wa Handeni wataithamini upesi. Sabuni yake hutoa povu hata katika maji ya chumvi, na ndiyo maana mabaharia waliipenda. Mahali ambapo maji ya visima ni mazito na sabuni ya kawaida huganda juu ya beseni kama maziwa yaliyochacha, mche wenye nazi nyingi utajiuza wenyewe. Ukichanganywa na alizeti kidogo, haukaukishi ngozi sana. Hatuoni sababu ya kikundi cha Misima kuacha faida hiyo na kwenda kununua kemikali za kuchanganya sabuni ya maji, bidhaa ambayo siku hizi kila mtaa una mtu anayeiuza katika chupa zilizotumika.

Sasa tufike kwenye fedha, maana hapo ndipo wengi hujidanganya. Kilo 10 za mafuta ya nazi, pamoja na kostiki na maji, hutoa baada ya kukauka zaidi kidogo ya vipande 130 vya gramu 100. Tuseme kwa mfano kwamba baada ya kulipa mafuta, kostiki, nauli na ujira wa waliokoroga, kila kipande kinaacha shilingi 200. Hiyo ni shilingi 26,000. Tuseme tena kwamba kilo ya unga ni shilingi 1,000 na kikombe cha uji kinataka gramu 50 za unga. Fedha yote ya mkorogo mmoja itawanywesha uji watoto 520 kwa siku moja. Siku moja tu! Anayesimama katika mkutano wa wazazi na kusema kwamba sabuni itailisha shule, anasema jambo ambalo penseli na karatasi vinaweza kulikanusha kwa dakika mbili.

Lakini geuza hesabu hiyo. Katika kila shule kuna watoto ambao wazazi wao hawakutoa debe lao kwa sababu hawakuwa nalo. Ni watoto wa wajane, wanaolelewa na bibi, na wale ambao shamba lao lilikauka. Ni hao ambao wakati wa uji huambiwa wasubiri pembeni, au hujitenga wenyewe kwa aibu kabla ya kuambiwa. Wakiwa 40, shilingi 26,000 zile zinawatosha kwa siku 13 za masomo. Mikorogo miwili kwa mwezi inawaondolea aibu hiyo mwaka mzima. Wazazi wenye uwezo waendelee kutoa mahindi yao kama walivyokubaliana, na sabuni izibe pengo la wasioweza. Hili ni lengo dogo, linapimika, na mnunuzi akielezwa analielewa.

Tumetaja ujira wa waliokoroga, na tunajua wapo watakaokunja uso. Watauliza, je, kazi ya kuwasaidia watoto nayo ilipwe? Ndiyo, ilipwe. Mama anayekoroga sabuni naye ana watoto, ana shamba, na ana foleni ya maji. Kikundi kinachowataka wanachama wake wafanye kazi bure kwa jina la huruma hubaki na wanachama watatu kabla ya mvua za vuli. Zaidi ya hayo, mkopo wa asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, ambao ulisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, hauna riba lakini hulipwa. Hakuna atakayeulipa kwa sadaka.

Mfano wa kufuata haupo mbali sana. Kilimo cha mwani kilianza Unguja kwa biashara mwaka 1989, na kwa miaka mingi akina mama waliuza mwani mkavu kwa bei ndogo waliyopangiwa na wanunuzi. Kuanzia mwaka 2006 mtaalamu wa bahari Dkt. Flower Msuya na wenzake waliwahimiza kuongeza thamani ya zao hilo, na huko Kidoti kikundi cha Tusife Moyo kikajulikana kwa sabuni za mwani na viungo. Watu hununua sabuni ile kwa sababu ni nzuri. Tunalisisitiza neno hili kwa sababu kipande cha kwanza huuzwa na huruma, lakini cha pili huuzwa na povu. Abiria wa mabasi yanayosimama Segera na Korogwe wamezoea kununua matunda dirishani. Sabuni iliyofungwa vizuri nayo itapata nafasi yake, mradi iwe na jina la kikundi, uzito na alama ya ubora.

Kuhusu alama hiyo, SIDO, iliyoundwa mwaka 1973, ina kazi ya kuwaongoza wenye viwanda vidogo mpaka wafike Shirika la Viwango, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia pia vipodozi. Njia ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni ofisa wa kata wa kumwandikia mama barua na kumwambia aende siku gani, mlango upi.

Na hapa tunawageukia watumishi wenyewe. Sheria ya ununuzi wa umma inataka asilimia 30 ya manunuzi ya taasisi itengwe kwa ajili ya vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Zahanati, mabweni na ofisi za halmashauri hutumia sabuni kila siku. Inashangaza kuona sabuni ya bweni ikitoka mamia ya kilomita wakati kikundi cha kata jirani kinauza vipande vyake kwa majirani watatu. Tangu mwaka 2023 zabuni hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, na hatutegemei kikundi cha kijijini kuingia humo bila msaada. Maofisa maendeleo ya jamii na maofisa ununuzi wanalipwa mshahara kwa ajili ya kazi kama hiyo.

Walimu wakuu nao wana lao. Kila shilingi ya sabuni inayoingia katika uji iandikwe katika karatasi na kubandikwa ubaoni nje ya ofisi kila mwisho wa mwezi: vipande vilivyouzwa, fedha iliyopatikana, unga ulionunuliwa. Majina ya watoto wanaosaidiwa yasibandikwe. Hayo yabaki kwa mwalimu wa darasa na mpishi, na wakati wa uji wasimame katika mstari mmoja na wenzao, kikombe kwa kikombe.