Gari la Familia Lioshwe Wapi?



Likizo ya Desemba ni wakati wa safari. Familia yenye Hiace au Coaster ya biashara huipumzisha na abiria kwa siku chache, ikawabeba watoto, shangazi, magodoro na mizigo yote ya kwenda kwa babu na bibi. Inaporudi huwa imejaa tope nje, na ndani kuna mabaki ya chakula, matapishi ya mtoto aliyeshindwa na kona za barabara, na manyoya ya kuku mliopewa zawadi. Sehemu ndogo za kuoshea taksi mara nyingi haziliwezi gari refu la namna hiyo. Basi baba hulipeleka wanakooshea malori, kwenye nafasi ya kutosha na ngazi ya kufikia paa.

Wengi wetu huona hilo ni jambo la wanaume, tukabaki kuuliza tu limegharimu shilingi ngapi. Lakini mahali gari linapooshwa ni jambo la afya, nalo lamhusu mama pia.

Mahali pa kuoshea malori ni pa aina mbili. Pa kwanza ni uwanja wenye sakafu ya saruji, tangi la maji, mashine ya presha na mfereji wa kupitishia maji machafu. Pa pili ni ufukweni mwa ziwa au kando ya mto. Hapo lori huingizwa majini, na vijana huliosha wakiwa wamesimama ndani ya maji. Bei huwa nafuu, kwa kuwa maji hayalipiwi. Lakini yuko anayelipa.

Huko Kisumu, kwenye Ziwa Victoria, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) na wenzao wa Marekani walianza mwaka 1995 kufuatilia afya ya vijana wanaoosha magari na malori wakiwa wamesimama ziwani. Wengi walikutwa na kichocho cha tumbo. Walipewa dawa wakapona, wakarudi kazini, na wengi wakaambukizwa tena. Baadhi yao walijenga kinga baada ya kutibiwa mara nyingi, lakini wengine waliendelea kuugua kila waliporudi majini.

Kichocho huingiaje? Mtu mwenye ugonjwa akijisaidia majini au karibu na maji, mayai ya minyoo huanguliwa humo na vijidudu vyake huingia ndani ya konokono wa majini. Baadaye hutoka kwa maelfu vikiwa vidogo mno, na hupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu. Si lazima awe na kidonda. Vinakuwa minyoo na kukaa katika mishipa ya damu. Kichocho cha tumbo huleta maumivu ya tumbo na kuhara damu, na kikikaa miaka mingi bila tiba huharibu ini, bandama huvimba, hata mgonjwa aweza kutapika damu. Kile cha kibofu huleta damu katika mkojo.

Kwa hiyo, mama, gari lenu linapooshwa ziwani, uchafu wa safari yenu unaondolewa na mtoto wa mwenzako aliyesimama katika maji hayo. Oili na grisi ya magari nayo inabaki ziwani, mahali ambapo mama mwingine anachota maji na kufua nguo. Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Nyumba yenye uwezo wa kumiliki gari inaweza kuongeza shilingi kidogo ili lioshwe mbali na maji hayo.

Zungumza na baba watoto kwa upole, na kabla ya kuchagua mahali muulize maswali haya:

1. Maji yanatoka wapi? Ya bomba au ya kisima kirefu hayana konokono. Yaliyovutwa ziwani na kutumiwa papo hapo yaweza kuwa na vijidudu, hata kama muoshaji amesimama nchi kavu. Yakihifadhiwa siku mbili katika tangi safi lisilo na konokono, vijidudu hivyo hufa.

2. Maji machafu yanakwenda wapi? Yafuate mfereji hadi kwenye shimo lake, yasitiririke kuingia mtoni.

3. Kuna choo? Pasipo na choo, madereva na waoshaji watajisaidia vichakani au majini, na kichocho hakitaisha.

4. Wana brashi na vitambaa vya namna gani? Lori lililotangulia huenda lilibeba ng'ombe au dawa za kuulia wadudu mashambani. Brashi iliyosugua kinyesi cha mifugo isiingie ndani ya gari ambamo watoto wanakaa na kula. Ni vizuri gari lioshwe nje tu huko, na ndani mkalisafishe wenyewe nyumbani kwa ndoo yenu, sabuni yenu na vitambaa vyenu. Mahali palipotapikiwa paoshwe kwa maji na sabuni, kisha milango iachwe wazi juani hadi viti vikauke kabisa.

Jambo jingine: usiwaruhusu watoto waende na baba kutazama. Maji ya mashine ya presha yana nguvu ya kutoboa ngozi. Tundu laweza kuonekana dogo kama la sindano, kumbe maji na uchafu vimeingia ndani kabisa ya kidole. Jeraha hilo lipelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama haliumi sana. Tena, mahali hapo mafuta ya taa, dizeli na dawa kali za kutolea grisi mara nyingi huwekwa katika chupa za soda. Mtoto akinywa, usimtapishe. Mkimbize hospitali na chupa yenyewe uichukue. Dawa ikimrukia ngozini au machoni, mwoshe kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpeleke.

Na je, kama kijana anayeosha magari ziwani ni mwanao? Usimgombeze, maana anatafuta riziki. Mpeleke akapimwe choo na mkojo. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, hutolewa kwa kipimo cha uzito wa mtu, na humezwa baada ya kula. Lakini mweleze wazi kwamba dawa huua minyoo iliyomo mwilini. Haimzuii kuambukizwa tena kesho akirudi majini. Mabuti marefu ya mpira yanasaidia, ila kinga ya kweli ni kufanya kazi hiyo nchi kavu. Vijana kadhaa wakiungana kununua tangi na pampu, kazi yao itabaki na afya zao zitabaki.

Wateja wakiacha kupeleka magari ufukweni, na kazi itawafuata mahali palipo salama. Safari yenu ijayo ikiisha, anzeni ninyi.

Tukutane mwezi ujao. Nawatakia afya njema ninyi na watoto.